Saa kumi na saba

Ukiiandikia kompyuta majina ya viwanja viwili vya ndege, cha Minneapolis kule Minnesota na cha Julius Nyerere pale Dar es Salaam, utapewa jibu kabla hujanyanyua kidole. Kilomita 13,800 hivi. Muda wa safari, karibu saa 17. Chini yake kuna ramani yenye mstari uliopinda kama uta, unaopanda hadi Kanada, unavuka Atlantiki, unakata Ulaya, kisha unateremka juu ya jangwa mpaka kwetu. Ni mstari mzuri kuutazama. Nimeutazama mara nyingi mno, na kwa muda mrefu niliamini kwamba unasema kweli.

Usiku nitakaousimulia ulikuwa wa Jumatano, mwezi wa kwanza. Nasema usiku kwa sababu nahesabu kwa saa za Tanga. Kwangu mimi ilikuwa saa 9 alasiri, theluji nje imefika magotini, na nilikuwa najiandaa kwenda kazini. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nawalisha, nawaogesha, nawageuza kitandani wasipate vidonda. Simu ikalia, nikaona jina la Mjomba, nikajua. Mtu wa Tanga hakupigii saa 6 usiku kukuuliza hali ya hewa.

“Mjomba,” akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa wake huitana hivyohivyo. “Bibi yako ametutoka.”

Bibi mzaa mama ndiye aliyenilea. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kila msomaji ana mtu wake wa namna hiyo, na nikianza sitafika ninakotaka kufika.

Mjomba alisema watu wameshaanza kujaa pale nyumbani Ngamiani, na kwamba kesho, Alhamisi, baada ya adhuhuri watamzika. Ndivyo ilivyo. Mafundisho ya dini yetu yanahimiza maiti asicheleweshwe, na Januari ya Tanga, kaskazi inapovuma, nayo inahimiza kwa namna yake. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikafungua kompyuta, nikaandika viwanja viwili, nikasoma jibu kwa sauti kama mtu anayesoma hukumu iliyompa ushindi.

“Mjomba, ni saa kumi na saba tu. Nisubirini.”

Nikamsikia anahesabu. Alikuwa karani wa bandari miaka mingi, hesabu ni kitu anachokiheshimu. Toka saa 6 usiku, saa 17, inakuja saa 11 jioni ya Alhamisi. Ongeza njia ya Dar hadi Tanga, inakuwa usiku wa manane. “Basi iwe Ijumaa baada ya sala,” akasema. “Ijumaa ni siku njema. Nitazungumza na wazee.” Sauti yake haikuwa na uzito. Nilipewa siku nzima ya maiti wa watu wote kwa sababu nilikuwa na namba.

*

Sasa tuiangalie namba yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonileta kwenye maandishi haya.

Tovuti hizi hazijui lolote kuhusu ndege. Zinachofanya ni kuchukua latitudo na longitudo za mahali pawili, kukokotoa njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa tufe, kugawanya kwa mwendo wa ndege kubwa, tuseme kilomita 850 kwa saa, na kuongeza dakika kidogo za kupaa na kutua. Ni hesabu sahihi kabisa. Ukiirudia kwa kalamu utapata jibu lilelile. Tatizo ni kwamba ndege inayozungumziwa haipo. Hakuna ndege inayotoka Minneapolis hadi Dar es Salaam moja kwa moja, na sijui kama itakuja kuwepo katika maisha yangu.

Wala si kwamba haiwezekani. Kutoka Singapore hadi New York ni kilomita zaidi ya 15,000, na watu wanaruka huko bila kutua popote, saa 18 na ushei angani. Umbali wangu ni mfupi kuliko huo. Ndege ya kuumudu imeshaundwa. Kinachokosekana ni abiria wa kutosha wenye pesa za kutosha wanaotaka kutoka hapa kwenda pale siku moja na mimi. Kwa hiyo umbali kati ya viwanja viwili haupimwi na dunia tu, unapimwa pia na wingi wa wenye shida kama yako. Benki za New York na Singapore zina shida inayofanana, nazo zikapata ndege. Shida yangu ilikuwa ya mtu mmoja.

Kuna jambo jingine lililonichekesha baadaye, nilipokuwa na uwezo wa kucheka. Nilipitia Amsterdam. Kutoka Minneapolis hadi Amsterdam ni kilomita 6,700 hivi, na kutoka Amsterdam hadi Dar ni kama 7,350. Jumlisha. Unapata kilomita 14,000 na kidogo, yaani Amsterdam iko karibu njiani kabisa. Kuzunguka kwangu kote kulinipotezea kilomita mia mbili na kitu, pungufu ya umbali wa Dar hadi Tanga. Kwa hesabu ya kilomita, tovuti ilikuwa imenipunja kidogo sana. Ila kilomita hazikuwa zimeahidi kitu. Niliyeahidi ni mimi, na niliahidi saa.

*

Wanafalsafa wamesema mengi kuhusu umbali na wajibu. Mwaka 1972 Peter Singer, Mwaustralia, alichapisha insha ambayo bado inasomeshwa vyuoni, aliyoiandika akiwa na maafa ya Bengali ya Mashariki mawazoni. Anasema hivi, kwa ufupi. Ukipita kando ya kidimbwi ukamwona mtoto anazama, utaingia umwokoe hata kama nguo zako zitachafuka. Basi kwa nini mtoto anayekufa njaa maelfu ya maili kutoka kwako awe na haki ndogo kuliko huyu? Umbali, kwa Singer, hauna uzito wa kimaadili hata chembe. Zamani zaidi, mwaka 1759, Adam Smith aliandika kuhusu Mzungu mwungwana anayesikia kwamba China yote imemezwa na tetemeko la ardhi. Atasikitika, atatoa maneno ya hekima, kisha atalala usingizi. Lakini mwambie kwamba kesho atakatwa kidole kidogo cha mkono, uone kama atalala. Smith hakuishia hapo. Aliuliza ni kitu gani ndani yetu kinachotuzuia tusikubali kuiangamiza China ili kukiponya kidole, na akajibu kwamba ni dhamiri.

Nawaheshimu wote wawili. Lakini nilipowasoma tena baada ya msiba nikaona kitu ambacho sikukiona darasani. Katika mifano yao, anayefikiri yuko hapa, na walio mbali ni wengine. Mbali ni mahali wanakokaa watu wa kusaidiwa au wa kusahauliwa. Hakuna aliyeniuliza mimi. Je, ikiwa aliye mbali ndiye anayefikiri? Ikiwa hapa pangu ndipo mbali kwao?

Kiswahili kinajua hali hii, na hakikuipamba. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii ya pili niliichukia sana ughaibuni, niliiona ni ya kikatili, imetungwa na waliobaki ili wagawane urithi. Siku hizi naisoma vingine. Huenda ilitungwa kumlinda aliyepo. Nyoka yumo ndani, watu wanahangaika naye, halafu mtu anapiga kelele kutoka mtaa wa pili kwamba msimuue kwanza, naja na fimbo yangu.

*

Nikirudi kwenye Jumatano ile. Nilipokata simu nikaanza kutafuta tikiti. Hapo ndipo ndege ya mstari mwekundu ilipotoweka na ndege za kweli zikajitokeza. Ya jioni ileile imejaa. Nyingine inapitia Ghuba, inachukua siku mbili na pesa ambazo sikuwa nazo. Nikapata kiti cha Alhamisi alasiri, kupitia Amsterdam, kufika Dar Ijumaa saa 4 na nusu usiku. Basi la kwanza la Tanga ni alfajiri. Kwa hiyo nyumbani, Jumamosi adhuhuri. Saa 17 zilikuwa zimegeuka kuwa 60.

Nilipolipia, Tanga ilikuwa saa 9 usiku wa kuamkia Alhamisi. Naomba msomaji ashike hiyo saa. Zilikuwa zimebaki kama saa kumi kabla ya adhuhuri, yaani kabla ya wakati ambao Bibi angezikwa kama mimi nisingefungua kinywa. Kungekuwa na nafasi tele ya kumwamsha Mjomba na kumwambia, nimekosea, sitawahi, mzikeni. Kaburi lingechimbwa asubuhi, mambo yangekwisha kwa heshima.

Sikupiga. Nilijiambia, waache walale, wamechoka. Katika nyumba yenye msiba, saa 9 usiku! Hakuna aliyelala. Nilijua hakuna aliyelala.

Saa 2 asubuhi kwao, binamu yangu akaniandikia: “Tunampeleka mochwari, tunakusubiri wewe. Ukipanda ndege tuambie.”

Nikamjibu: “Sawa.”

Nimelipima neno hilo mara nyingi kuliko nilivyopima kilomita. Sawa si uongo. Sawa haisemi chochote. Niliambiwa, ukipanda ndege tuambie, nami nikakubali kuwaambia nikipanda ndege, na kweli niliwaambia. Mwanasheria angenitoa. Lakini nilijua wanachokisoma katika sawa yangu, na nikawaacha wakisome. Nilitumaini, na hapa ndipo penye aibu yangu yote, kwamba mwili ukishaingia kwenye friji itakuwa rahisi kuomba siku ya pili. Ukishavunja kawaida mara moja, mara ya pili haiumi sana. Niliwapangia hivyo watu wangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye joto, nakunja mashati.

Nilipiga simu kutoka uwanja wa ndege, Alhamisi, Tanga ikiwa saa 4 usiku. Nikamweleza Mjomba kwamba ndege “zimeleta matatizo”. Akanyamaza. Kisha akasema, pole pole, “Mjomba, Ijumaa ni Ijumaa.” Hakuongeza. Walimzika siku iliyofuata baada ya sala. Wakati huo nilikuwa nimefungwa mkanda, kwenye skrini ya mbele yangu kuna kijidege cheupe kinatambaa juu ya ramani, na chini yake maneno yanayohesabu kilomita zilizobaki. Zilikuwa zinapungua vizuri tu.

*

Nina mwenzangu kazini, Msomali aliyekulia kambini Dadaab, Kiswahili chake cha Garissa kimenyooka kuliko changu. Yeye baba yake alizikwa akiwa yeye kwenye zamu ya usiku. Aliwaambia, zikeni, wekeni simu karibu na kaburi nisikie. Alisikia majembe. Anasema mpaka leo sauti ya koleo la theluji inamshtua, na huku kwetu msimu wa baridi majirani wanazoa theluji kila asubuhi. Nilimuuliza kama anajuta. Akaniangalia kama niliyeuliza swali la kitoto. “Nijute nini? Yeye ndiye alikuwa amekufa, si mimi.”

Nimejaribu kujitetea mbele ya jibu hilo. Hoja yangu ni kwamba kumwona marehemu uso kabla hajafunikwa ni haki ya mjukuu, na haki haipotei kwa sababu mwenye nayo yuko mbali. Ukikubaliana na Singer kwamba umbali si kitu, basi machozi yangu ya Minneapolis yana uzito uleule wa machozi ya Ngamiani. Hoja haina kasoro ndani yake. Kasoro yake iko pembeni. Machozi yanaweza kuwa sawa, lakini kazi haikuwa sawa. Aliyeko ndiye anayepanga viti, anayepika, anayetafuta sanda, anayesimama mlangoni kujibu mbona hamziki. Kila saa niliyoiomba, mimi niliitumia kukaa kwenye viti vya uwanja wa ndege, na wao waliitumia kubeba. Umbali una gharama, na mimi, niliyeutengeneza kwa kuondoka, niliwapelekea bili wasioondoka.

Kuna watakaosema niliondoka kwa ajili yao, na kweli pesa ya sanda, ya biriani na ya maturubai ilitoka kwangu. Nimewahi kujifariji na hilo. Halafu nakumbuka kwamba sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote pale nyumbani ni nani kalipa.

*

Nilifika Jumamosi. Njia ya Dar hadi Tanga, kupitia Chalinze na Segera, ni kilomita 350, na basi lilikwenda saa sita. Pale Segera wauza machungwa wakapandisha vikapu vyao dirishani kama kawaida. Fikiria, theluthi nzima ya saa zangu 17 ililiwa na vipande viwili vya barabara ambavyo kwenye ramani ya tovuti havionekani hata kwa nukta. Nilipelekwa makaburini kwanza. Udongo ulikuwa bado mwekundu, juu wamepanda kitawi kibichi. Niliomba dua, nikashindwa kulia, nikarudi nyumbani.

Mama Mkubwa, dada wa Mjomba, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Nikapiga magoti. “Shikamoo Mama.” “Marahaba baba. Pole na safari.” Alinishika mkono, akaupapasa kama anatafuta kitu. Jioni watu walipopungua akanisimulia kifo chote, tangu homa ya kwanza hadi pumzi ya mwisho, maana ndivyo inavyotakiwa, aliyekosa apewe. Akafika kwenye Alhamisi.

Bibi alikuwa anaogopa friji. Hilo nilikuwa silijui. Aliwahi kumwambia Mama Mkubwa, miaka mingi nyuma, waliporudi kumchukua jirani mochwari, kwamba yeye wasije wakamlaza mule. Nyumbani maiti halali peke yake, kuna watu wanasoma Yasini mpaka kunapambazuka. Kule mlango unafungwa, na taa inazimwa.

“Alilala peke yake usiku mmoja,” akasema Mama Mkubwa. “Ijumaa nilipomwosha nilitia maji ya uvuguvugu. Baridi haikutoka.”

Hakusema kwa kunilaumu. Alidhani ni ndege zilizoleta matatizo. Nilipaswa kumwambia papo hapo kwamba usiku ule haukuwa na sababu, kwamba nilijua tangu saa 9. Kinywa kilifunguka. Akaniuliza kama nimekula, nikasema bado, akaenda kuniletea wali.

*

Miaka minne imepita. Sijamwambia. Nimejiuliza kama kumwambia kungekuwa kumpa haki yake au kumpelekea bili nyingine, na ninaona kwamba swali hili, kama lile la saa 17, lina jibu linalonifaa mimi, kwa hiyo nalitilia shaka. Mama Mkubwa hasomi blogu. Binamu yangu anasoma.

Nilichoweza kufanya ni hiki. Mwaka jana, siku ya Idi, nilimpigia Mjomba, tukasalimiana, tukaulizana watoto, kisha nikamwambia nina jambo. Nikamwambia, ikitokea tena, msinisubiri. Msiniulize hata tikiti. Zikeni kwa wakati wake, mimi nitakuja nitakapokuja.

“Ikitokea kwa nani?” akauliza.

“Kwa yeyote, Mjomba. Hata Mama.”

Alikaa kimya kidogo. Nyuma yake nilisikia watoto, sahani, na muadhini wa Ngamiani akiita alasiri.

“Vyema,” akasema. “Na ikitokea kwako wewe huko, sisi tukusubiri?”

Huku kwetu ikitokea hivyo, watu hupitisha bahasha msikitini, wakachanga, mwili ukasafirishwa kama mzigo, kwa siku kadhaa na karatasi nyingi, njia ileile ya Amsterdam au ya Ghuba. Au unazikwa hapahapa, pembezoni mwa mji, mahali ambapo Januari ardhi imeganda na kaburi linachimbwa kwa mashine. Nilikuwa najua majibu yote mawili na bei zake.

“Mjomba,” nikamwambia, “mtandao unakatika.”

Haukuwa unakatika.